Shavu limebonyea baada ya ajali: je, upasuaji utapindisha uso?

Pole sana dada kwa ajali ya mdogo wako. Umesema bodaboda ilimwangusha Mikindani, shavu limebonyea, mdomo wa juu una ganzi, na mama anakataa upasuaji akihofia uso utapinda.

Mwelezeni mama kwamba ganzi na kupinda kwa uso vinahusu neva (mishipa ya fahamu) mbili tofauti. Ganzi inatokana na neva ya hisia inayopita ndani ya mfupa chini ya jicho. Imeumizwa na ajali yenyewe, na mara nyingi hupona taratibu, hata kwa miezi. Neva anayoihofia ni ile inayoendesha misuli ya uso. Hutokea karibu na sikio, na matawi yake huvuka mfupa wa shavu kwenda kwenye kope na paji. Ndiyo maana daktari hapasui katikati ya shavu. Huingilia ndani ya mdomo juu ya fizi, kwenye kope, au ndani ya nywele juu ya sikio, akipita chini ya utando mgumu wa msuli ili matawi yale yabaki juu ya kifaa chake. Mfupa ukiinuliwa na bado unacheza, hufungwa kwa vibati vya titani.

Binafsi naogopa zaidi kuchelewa. Baada ya wiki 2 hivi mfupa huanza kushika vibaya. Mkipewa rufaa kutoka hospitali ya Ligula hadi Muhimbili, tafadhali msisubiri pesa za mnada wa korosho. Asipenge kamasi. Akianza kuona giza au jicho likivimba kwa maumivu makali, mkimbizeni hospitali usiku huohuo.