Maswali na Majibu: Kwenda Kongamano la Wataalamu wa Miti

Mwezi huu tumepokea barua kutoka kwa wasomaji ambao riziki yao ni kupogoa, kukata na kutibu miti. Wanauliza faida ya mikutano mikubwa ya fani hii huko Marekani, na namna ya kujiandaa. Sisi tunaona hivi: nauli humrudia anayekwenda na maswali ya kazi yake yameandikwa kwenye daftari, pamoja na vipimo vya zana anazotumia. Asiyejiandaa hurudi na mfuko wa vipeperushi.

"Niko kwenye kampuni ya miti hapa Columbus, Ohio. Mimi ni mtu wa chini: navuta matawi na kushika kamba, kupanda bado. Bosi anataka twende naye TCI EXPO. Sina cheti. Nitaambulia kitu?"

Utaambulia mengi, ukichagua vizuri pa kukaa. TCI EXPO ni maonyesho ya kila mwaka ya TCIA, chama cha kampuni za miti cha Marekani kilichoanzishwa 1938. Huhama mji hadi mji. 2023 yalikuwa St. Louis, 2024 Baltimore. Huko uzito uko kwenye mashine, zana na uendeshaji wa biashara. Mkutano wa ISA, chama cha kimataifa cha wataalamu wa miti kilichoanza 1924, umeegemea zaidi sayansi: mizizi, udongo, magonjwa, upimaji wa hatari ya mti. Mtu akienda mmoja akitarajia mwingine, atasikitika bure.

Wewe tafuta vipindi vya mafundo ya kamba, kushusha magogo kwa kamba, usalama wa mashine ya kusagia matawi na kumwokoa mpandaji aliyeumia juu ya mti. Maonyesho ya vitendo yakianza, watu wengi huinua macho kumtazama aliye juu. Wewe simama unapoweza kuona mikono ya mwenzako wa chini. Angalia amezungusha kamba mara ngapi kwenye chuma cha breki kilichofungwa kwenye shina, miguu yake iko wapi, na gogo likianguka anafanya nini. Akiikaza kamba ghafla, mshtuko wote unapanda hadi kwenye kapi, na kutoka hapo unaingia kwenye shina lilelile ambalo mpandaji amejifunga. Akiiacha iteleze kidogo kidogo, gogo linapunguza mwendo taratibu na nguvu inayofika juu inakuwa ndogo zaidi. Mizunguko ikizidi, kamba haitelezi hata akitaka, ikipungua, inamponyoka. Hicho ndicho kipimo cha kumuuliza mwalimu: gogo la uzito huu, kamba hii, mizunguko mingapi?

Kuhusu cheti: mtihani wa ISA wa mtaalamu wa miti una maswali 200 ya kuchagua jibu. Kuufanya kunahitaji uzoefu wa miaka 3 ya kazi ya miti kwa muda kamili, au shahada inayohusiana pamoja na uzoefu pungufu ya huo. Anza sasa kuweka kumbukumbu za kazi zako, maana utatakiwa kuzithibitisha. Vipindi vya kongamano havikuwekei pointi za kuhuisha cheti kabla hujakipata. Wenzako wenye cheti wanahitaji pointi 30 kila miaka 3, na kipindi cha saa moja hivi kinaleta pointi 1. Wakumbushe kusajili namba zao katika kila kipindi kabla ya kutoka ukumbini. Pointi nyingi hupotea mlangoni.

"Nina kampuni ndogo Nairobi: watu 8, chenso 4, pikapu 1. Nataka kwenda Marekani kununua mashine ya kusagia matawi na vifaa vya kupandia. Nianzie wapi?"

Anzia ubalozini. Viza ya biashara ni B1, fomu ni DS-160, na mahojiano yanaweza kuchukua muda mrefu kupatikana. Barua ya mwaliko ya waandaaji inasaidia, ila haikuhakikishii viza. Kwa hiyo usikate tiketi isiyorudishwa pesa.

Halafu ingia stoo yako na kalamu. Kwa kila chenso andika mambo matatu: nafasi kati ya viungo vya mnyororo (kwa mfano inchi 3/8 au .325), unene wa vijino vya chini vinavyopita kwenye mfereji wa bamba linaloongoza mnyororo (milimita 1.3, 1.5 au 1.6), na idadi ya vijino hivyo. Mnyororo wa 1.3 kwenye mfereji wa 1.6 unayumba na kukata upande, wa 1.6 kwenye 1.3 hauingii kabisa. Bei ya maonyesho haina maana kama umenunua minyororo 20 isiyokufaa.

Kamba zinahitaji umakini zaidi, kwa sababu hapo kosa linaua. Kanuni ya usalama ya Marekani, ANSI Z133, inataka kamba ya kupandia iwe na unene usiopungua milimita 12.7 na uwezo wa kuhimili angalau kilonewtoni 24. Ya milimita 11 inaruhusiwa kwa wenye mafunzo nayo. Tatizo ni kwamba kila kifaa cha kupandia na kushukia kimetengenezwa kwa kamba za unene fulani, na unene huo umechapwa kwenye chuma chenyewe au kwenye kijitabu chake. Kamba nene kupita kipimo inakwama. Nyembamba kupita kipimo haishikwi, na mpandaji anateleza hadi chini. Nenda na kipande cha mita 2 cha kamba yako, umwombe muuzaji akipitishe kwenye kifaa mbele yako. Asipotaka, nenda banda lingine. Karabina (pete ya chuma ya kuunganishia kamba) nayo iwe ya kujifunga yenyewe, inayohitaji mikono ifanye matendo mawili mfululizo kabla ya kufunguka.

Vifaa vya betri viache hukohuko. Chaja ya Marekani ni ya volti 120, umeme wa Kenya ni volti 240. Juu ya hayo, betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160 hairuhusiwi kwenye ndege ya abiria. Zidisha volti kwa ampea-saa, uone kwamba ya volti 36 na ampea-saa 5 ni 180. Chenso iliyowahi kutiwa petroli pia haipandi ndege, kwa ajili ya mafuta na mvuke uliobaki ndani.

Sasa mashine ya kusagia. Ukubwa wake huhesabiwa kwa inchi za mdomo: inchi 6 ni kama sentimita 15, inchi 12 kama 30. Pima matawi unayokata siku ya kawaida, achana na lile gogo la mara moja kwa mwaka. Kichwa cha kuvutia mashine cha Marekani mara nyingi ni cha kukaa juu ya tufe la chuma la inchi 2 au 2 na 5/16, wakati pikapu nyingi za kwetu zina tufe la milimita 50. Panga kukibadilisha kabla ya kusafirisha. Uliza swichi na vidhibiti viko upande gani. Marekani hupita kulia, kwa hiyo mashine inayoendeshwa kutoka upande wa kulia inamweka mtu wao pembeni mwa barabara. Kwenu Ngong Road, mnakopita kushoto, itamweka wako kwenye magari. Uliza injini ni ya nani na nani anaihudumia Nairobi, seti ya visu ni bei gani, na nguvu ya kukazia bolti za visu ni kiasi gani, maana bolti iliyolegea hurusha kisu. Mwisho, cheti cha ubora cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, kinapatikana kabla mzigo haujapakiwa melini. Ukifika Mombasa bila hicho, utalipia adhabu na gharama za bandari.

Siku ya kwanza usinunue kitu. Kusanya bei kwa maandishi, zikiwa na usafiri hadi Mombasa, kisha linganisha usiku.

"Napanda miti Portland, Maine. Bosi wangu anasema hana hela ya kunipeleka. Nifanyeje, ndugu zangu?"

Dada, tafuta la karibu. ISA ina matawi yake ya mikoa, na lenu ni la New England. Mikutano yao ni midogo, nauli ni ya gari tu, na unaongea na mtoa mada uso kwa uso. Matawi pia huandaa mashindano ya kupanda miti, na hapo huhitaji watu wa kujitolea. Omba kusaidia kwenye kituo cha uokoaji. Utawaona wapandaji wengi, mmoja baada ya mwingine, wakimfikia yuleyule "majeruhi" kwa njia tofauti, na waamuzi wakiangalia kwanza kama mpandaji amekagua mti, ameita msaada na amejifunga kabla ya kuachia kamba nyingine.

Bosi mpelekee ukurasa mmoja: gharama, vipindi viwili utakavyohudhuria, na zoezi moja utakalowafundisha wenzako ukirudi. Pendekeza la uokoaji, kwenye mti wa uani, kamba ya pili ikiwa imeshafungwa juu kabla mtu hajapanda.