TSH iko juu, mbona naambiwa tezi imelala?

Salam daktari. Mwaka mzima huu mwili mzito, nanenepa na sili sana, wenzangu joto la kaskazi linawaua mimi najitanda shuka, nywele nazo zakatika. Majirani wasema ni jicho. Sukari na presha nimepima ziko sawa. Juzi wakanitoa damu, karatasi yasema TSH 14, kando imeandikwa 0.4 hadi 4.0, na T4 iko chini. Wifi yangu asema homoni zimezidi, niache chumvi ya iodini, daktari nae asema tezi imelala. Nimsikize nani?
Mama wa watatu, Langoni, Lamu

Alaykum salam bibiye. Msikize daktari, ingawa wifi simlaumu manake karatasi hii yawachanganya wengi. TSH ni homoni lakini haitoki shingoni, yatoka kwa tezi ndogo chini ya ubongo, pituitari, na kazi yake ni kuiamrisha tezi ya shingo, thairoidi, itoe homoni yake, T4. Sa fikiria nahodha na baharia: baharia akivuta kamba sawasawa nahodha hana haja ya kupaza sauti, akisinzia ndio utasikia makelele. Hiyo 14, na kawaida yaishia 4.0, ni makelele ya nahodha, na T4 ya chini ndio baharia mwenyewe kalala. Ingekuwa tezi imezidi kazi, TSH ingeshuka kabisa na wewe ungekuwa wakonda, jasho lakutoka, moyo wakwenda mbio.

Chumvi usiiache, tezi yatumia hiyo iodini kutengeneza homoni, lakini usijiongezee vidonge vya iodini pia, ikizidi huivuruga. Muulize daktari kipimo cha kingamwili, kinaonyesha kama mwili wenyewe ndio unaishambulia tezi. Na kama wameza vile vidonge vya nywele na kucha sema mapema, vingi vina bayotini, aina ya vitamini, na hupotosha majibu ya mashine, aghlabu utaambiwa uache siku 2 kabla ya kupima. Jicho mimi sina kipimo chake.

Ukianzishwa levothairoksini, yaani T4 ya vidonge, meza asubuhi na maji matupu, nusu saa mpaka saa nzima kabla ya chai na mahamri, alafu damu irudiwe baada ya wiki 6 hadi 8, ukipima wiki ijayo wapoteza pesa tu manake TSH hushuka polepole. Ukishika mimba waambie siku hiyo hiyo, dozi huenda ikaongezwa.