Jibu: Kadi za Pokémon na besiboli kama akiba ya miaka 20

Mkuu, umeuliza kama hapo Marekani uweke akiba ya watoto kwenye kadi za kukusanya, za Pokémon (wale vikatuni wa Kijapani) na za wachezaji wa besiboli, badala ya hisa. Kama unazipenda, nunua. Kama ni akiba, mimi nasema hapana.

Wengi wanavutwa na ile kadi ya mchezaji wa besiboli Mickey Mantle, iliyochapwa na kampuni ya Topps mwaka 1952, iliyouzwa mnadani mwaka 2022 kwa dola milioni 12.6. Lakini imeadimika kwa sababu watoto walizichezea zikachakaa, na mzigo uliokosa wateja Topps wenyewe waliutupa baharini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watu walipoanza kuzihifadhi wakisubiri utajiri, kampuni zilichapa bila breki. Kadi nyingi za wakati ule leo hazina bei ya maana. Sasa tazama wanaojaza stoo maboksi ya Pokémon ya mwaka huu!

Halafu kuna upimaji. PSA, kampuni inayokagua ubora wa kadi, wanatoa alama 1 hadi 10. Kona ikichubuka kidogo tu, 10 inakuwa 8 na bei inaporomoka. Upimaji unalipia, bima unalipia, kamisheni ya mnada juu. Kodi ya faida ya muda mrefu kwa vitu vya aina hii inaweza kufika asilimia 28, hisa mwisho 20. Na gawio hakuna.

Ukishindwa kujizuia, chukua kadi moja ya zamani iliyokwisha kupimwa, kwa hela ambayo ikipotea kodi ya nyumba bado inalipika.