G ya ω·2 ukiweka 3, jibu ni 6 au 8?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma hesabu mwaka wa tatu, sa hivi nipo likizo nyumbani Mpwapwa. Tumebishana na mwenzangu kuhusu ile ngazi ya polepole ya funksheni, ile inayoandikwa G. Tumehesabu G ya ω·2 tukaweka n=3, mi nikapata 6 yeye akapata 8. Nani kakosea? Afu kama hii G inaongeza moja moja tu, watu wa mantiki wanahangaika nayo ya nini wakati ile ngazi ya kasi ipo?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hamna aliyekosea, na huo ubishi wenu ndo umebeba jibu la swali lako la pili bila nyie kujua, kwaiyo tulia tuende taratibu.

Ordinali ni namba za kupanga foleni zinazoendelea hata baada ya 0, 1, 2, 3 na wenzake wote kupita, na ya kwanza baada yao ndo ω. Sheria za G ziko tatu tu. G ya 0 inatoa 0 hata uipe namba gani. Ukisogea ordinali moja mbele, jibu linaongezeka 1. Ukikuta ordinali ya limiti, yaani ile ambayo huwezi kusema nani yupo nyuma yake tu, kama ω yenyewe, unachukua mfuatano uliochaguliwa wa kuikaribia, unaangalia kituo cha n, unashukia hapo afu unaendelea na safari. Kwa ω wengi wanachagua 0, 1, 2, 3 na kuendelea, vituo tunaanza kuvihesabu toka 0 kwaiyo kituo cha 3 ni 3, unashuka moja moja, jibu 3. Basi.

Mi hapa Dodoma nafundisha hii kitu kwa shamba la zabibu, maana kila mwanafunzi kashapita Mpunguzi au Hombolo akaona mistari ya mizabibu. Ordinali ni mchoro wa shamba. ω ni mstari mmoja ambao hujaambiwa urefu wake, ω·2 ni mistari miwili, ω·2+5 ni mistari miwili na miche mitano imebaki pembeni. n ni mtu anayekuja kusema kila mstari una miche mingapi, na G kazi yake ni kuhesabu miche, mmoja baada ya mwingine, haruki hata mmoja. Mistari miwili ya miche mitatu ni 6, hiyo ni yako. ω² ni kishamba kizima, mistari n yenye miche n, kwa 3 unapata 9. ω kwa kipeo ω inakupa n kwa kipeo n, yaani 27. Ukifika ε₀, ordinali ya kwanza inayopita ω, ω kwa kipeo ω na kila mnara wa ω utakaojenga hivyo, unapata mnara wa vipeo, kwa 3 ukiupa mnara ghorofa tatu ni 3 kwa kipeo 27, ambayo ni 7,625,597,484,987. Kubwa, ndiyo, ila angalia tulipofika. Tumepita rundo la ordinali lisiloisha na bado tuko kwenye vipeo vya kupandishana, funksheni za kawaida kabisa.

Sasa mwenzako. Yeye kwa ω kachagua mfuatano unaoanza na 1, kwaiyo kituo cha 3 ni 4. Ni kama mkulima ambaye kila mstari anaongeza mche mmoja mwishoni, we ukisema tatu yeye anapanda nne. Mistari miwili, 8. Kihalali kabisa, hata vitabu vyenyewe havikubaliani hapo.

Linganisha na ile ya kasi, tuiite F, ambayo mwanamantiki Stanley Wainer aliichambua 1970. F ya 0 inaongeza 1 kwenye n. F ya hatua inayofuata inachukua ile iliyotangulia na kuirudia mara n, kila jibu linarudishwa ndani tena kama unga unaorudishwa mashineni. Kwenye limiti inafanya kama G. Jaribu na 3: F ya 1 ni 6, F ya 2 ni 3 mara 2 kwa kipeo 3 ambayo ni 24, F ya 3 inabidi upitishe F ya 2 mara tatu: 3 inakuwa 24, 24 inakuwa 24 mara 2 kwa kipeo 24 yaani 402,653,184, afu hiyo nayo unairudisha ndani mara ya mwisho na inatoka 3·2 kwa kipeo 402,653,211. Hiyo namba ina tarakimu zaidi ya milioni 121. Na hiyo ndo F ya ω ikipewa 3. G ya ω ikipewa 3 ni 3. Sheria ya limiti ni ile ile, 3 ni ile ile! (Kwa anayejua mifuatano ya Goodstein ya 1944: ule unaoanza na 4 unafika sifuri baada ya hatua karibu idadi hiyo hiyo, pungufu ya mbili tatu kutegemea unaanza kuhesabu wapi. Mi nilipoiona mara ya kwanza nilirudia hesabu mara mbili nikidhani nimenakili vibaya.)

Haya, kwa nini tuhangaike na G? Kwa sababu inasikia kila kitu. Badilisha mfuatano wa ω uwe 2 kwa kipeo n. F itatikisika kidogo, haitaifikia hata F ya ω+1 ya mwanzo. G ya ω lakini imetoka n ikawa 2 kwa kipeo n, si funksheni ile tena. Weka funksheni ya Ackermann, ile inayokua kwa kasi kupita hata minara ya vipeo, kama mfuatano, G ya ω inakuwa Ackermann papo hapo, wakati G ya kawaida haimpati Ackermann hata kwenye ε₀. F inapima ordinali, G inapima jinsi ulivyoiandika hiyo ordinali, na kwa mtu wa nadharia ya uthibitisho, tawi la mantiki linalochunguza uthibitisho wenyewe, hilo ni swali zito sana kwa sababu mfumo wa aksiomu nao unaiona ordinali kupitia maandishi yake tu.

Mwanamantiki Jean-Yves Girard alionyesha mwaka 1981 kwamba kwa mifuatano ya kawaida G nayo inakuja kufikia kasi za F mbali huko: kwenye ordinali ya Bachmann na Howard, iliyo kubwa kupita ε₀ kwa mbali, ndo G inalingana na F ya ε₀, ile ambayo aksiomu za Peano, yaani sheria za msingi za namba za kawaida, haziwezi kuthibitisha kuwa inatoa jibu kwa kila n. Afu 1997 Andreas Weiermann akachukua mifuatano mingine, si ya kuchakachua kama yangu ya Ackermann, ni mifuatano inayopangwa kwa kipimo cha ukubwa wa maandishi ya ordinali, na G ikawa ya kasi kabla hata ya ε₀.

Ila angalizo moja la mtu aliyeungua. Niliwahi kuandika ubaoni mfuatano wa ω unaoanza na 1, nikahamia upande wa pili wa ubao nikaandika ule wa ω² unaoanza na 0, nikahesabu kwa 3 nikapata 12 na kuzungushia duara kabisa. Binti mmoja nyuma akanyoosha kidole, "mwalimu, hilo shamba lina mistari mitatu au minne?" Kwaiyo mwambie mwenzako afanye ω² kwa 3 kwa sheria yake. Akileta 16 yuko sawa, akileta 12 hapo ndo useme kakosea.