Posho sawa, ila fomu mmepeleka wapi?

Mhariri salamu. Wiki hii mmeuliza nesi anayejitolea kwenye maafa au kwenye kambi ya matibabu ya siku chache alipwe posho, au kujitolea kubaki kujitolea. Mi nilitaka kuandika mstari mmoja tu, asilipwe, basi. Nikaanza kuandika nikaona kumbe hilo la posho silo linaloniuma.

Linaloniuma ni wakishaondoka. Nina duka la dawa muhimu kwenye kisiwa kimoja upande wa Ukerewe, jina la kisiwa niacheni nalo maana huku tunajuana wote, na najua kuna mtu atasema huyu analilia biashara, dawa za bure zikija duka lake linadoda. Ni kweli linadoda, wiki moja. Halafu wagonjwa wote wanarudi kwangu na vibahasha vimeandikwa 1x1 kwa kalamu, jina la dawa hamna, dada nipe kama hizi. Kama hizi zipi?

Maafa niyaweke pembeni. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Bwisya, kisiwa cha Ukara, 20 Septemba 2018, na hata ile ndege iliyoanguka ziwani Bukoba 6 Novemba 2022, waliowahi ni wavuvi na mitumbwi yao. Nesi wa kutoka mbali anakuta kazi ya kushika ndugu wanaozimia na wanaotafuta mwili wa mtu wao, na kazi hiyo sidhani kama ina bei. Huko sibishi. Mi nabisha na kambi.

Kuna kambi ilikuja kwetu, wageni wa nje wachache na manesi wa Mwanza mjini waliochukua likizo zao, wakafunga turubai shule ya msingi. Wakaja giza. Kwa msiojua ziwa, dagaa wanavuliwa kwa taa usiku usio na mwezi, mbalamwezi ikitoka wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanakunywa, wanakumbuka kuumwa, na ndo siku ambazo hata mimi nauza. Sasa hawa wamekuja katikati ya giza, wanaume usiku wako majini mchana wamelala, foleni nzima kina mama, wazee na watoto. Wangemuuliza mtu yeyote pale mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, angewaambia sogezeni mbele kidogo.

Zahanati yetu ilikuwa na nesi mmoja wa ajira, na binti aliyemaliza chuo cha uuguzi, bado anasubiri ajira, anafanya kazi bila mshahara na anakula kwa huyo nesi. Huyo naye anajitolea, tena mwaka mzima, na sijaona gazeti likiuliza alipwe nini. Siku zile nesi mwenyewe yuko Nansio, makao makuu ya wilaya, kwenye semina, kwa hiyo binti yuko peke yake na chanjo na wajawazito wa usiku. Wa kambi hawakumfuata mpaka walipotaka ufunguo wa choo cha zahanati!

Sasa kuna mama mmoja anaanika dagaa. Walimpima presha wakakuta iko juu mno, wakampa vidonge vya mwezi, na yule mama alimeza vyote hakuruka hata kimoja, vilipoisha akatulia zake. Baadaye namuuliza mama vipi dawa, ananishangaa, "Si nimemaliza dozi?" Na ukifikiria yuko sawa, maana sisi tumezoea malaria, mseto siku tatu umemaliza umepona. Labda aliambiwa kwamba presha sio hivyo, ila aliambiwa haraka haraka, kupitia mkalimani, na foleni nyuma yake inapiga kelele.

Sasa ilijulikanaje kwamba huyu ni wa kufuatwa? Jioni ya mwisho wenzao wako ufukweni sangara anachomwa na picha zinapigwa, nesi mmoja wa Mwanza, mama wa makamo, akaja kwenye benchi langu na yule binti, wamebeba boksi la fomu za wagonjwa. Fomu zenyewe asubuhi zinapanda boti na wenyewe. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza, "Mwanangu una kauntabuku?" Nilikuwa nayo, daftari kubwa la kwaya mbili, akanunua kwa hela yake, wakaanza kunakili kwenye taa yangu ya sola, jina, kitongoji, ana nini, kapewa nini, itaisha lini. Mmoja anasoma mwingine anaandika, wakichoka wanabadilishana. Wadudu wa ziwani wanaanguka kwenye karatasi wanawapangusa. Mara binti anakwama, mwandiko wa daktari hausomeki, yule nesi anachukua fomu anaondoka nayo mpaka kule ufukweni kumuuliza mwenyewe, anarudi, wanaendelea. Nikawachemshia chai, ikapoa. Nikamsikia nesi anamwambia binti, "Hawa wa presha na kisukari usisubiri waje, wafuate, wa minyoo watapona wenyewe." Nikafunga duka nikawaachia taa nje.

Kwa daftari lile binti alimfuata yule mama wa dagaa mwaloni, akabishana naye weee, mpaka akakubali kwenda hospitali Nansio. Anameza mpaka leo na dagaa anaanika.

Baadaye nikasoma kwamba tetemeko la Haiti la 2010 lilivuta timu za kila aina, nyingine hata hazikujisajili, na mwaka 2013 WHO, Shirika la Afya Duniani, ikatoa masharti kwa timu za nje zinazokwenda kwenye maafa, timu ijitegemee kwa maji na chakula, na kila mgonjwa abaki na rekodi ya alichofanyiwa na mpango wa kufuatiliwa. Kwa hiyo kile alichofanya yule nesi na kauntabuku ya kununua ndo masharti yenyewe.

Sasa nijibu swali. Yule wa kauntabuku alipwe, tena mara mbili. Lakini nikimlipa yeye siwezi kuwanyima wa picha, maana nao walisimama juani kutwa na likizo yao imekwenda, kwa hiyo haya, walipwe wote. Ila posho itoke baada ya nesi wa zahanati kusaini kwamba amepokea majina. Na kama hela haitoshi ianzie kwa binti asiye na mshahara, wageni waje bure, na hapo naona nimerudi kulekule nilikoanzia, nisameheni. Halafu mi nasema kambi za visiwani, huenda za mjini zimejipanga vizuri zaidi.

Na wanaotaka kuja, wapige simu kwanza waulize mwezi ukoje.

Msomaji wenu, Ukerewe