Homa Inayopona kwa Nusu Saa
Maswali ya wasomaji kuhusu dawa za kulevya na pombe

SWALI: Mwanangu wa miaka 17 yuko kidato cha tatu hapa Temeke. Karibu kila wiki anaumwa "malaria": makamasi, miayo, tumbo kukata, kutapika. Nimempeleka kupima mara mbili, malaria hakuna. Jioni anajikokota kutoka, akirudi ni mzima. Simu yake nayo anasema imeibiwa. Nikimbana anakiri bangi tu. Nifanyeje? – Mama wa Temeke

JIBU: Pole sana, mama. Simu iliyopotea peke yake haithibitishi kitu, watoto hupoteza simu. Kinachotutia wasiwasi ni hiyo homa: anatoka jioni akiumwa, anarudi mzima. Malaria haiponi kwa nusu saa. Arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili uliozoea dawa unapoikosa, huondoka hivyo, mtumiaji akishapata kete (kipakiti) yake.

Arosto huanza saa 6 hadi 12 tangu alipotumia mara ya mwisho. Miayo mfululizo, machozi, makamasi, jasho na vinyweleo kusimama hutangulia. Kisha hufuata maumivu ya mifupa, tumbo kukata, kuharisha na kutapika. Hufika kilele siku ya pili au ya tatu, ikalegea ndani ya kama wiki moja. Mtazame mboni za macho. Akiwa kwenye arosto hupanuka. Akishatumia huwa ndogo kama ncha ya pini, hata chumbani kwenye mwanga hafifu. Atajikuna pua na uso, sauti itakuwa nzito, kichwa kitashuka taratibu. Ukimwita ataitika, halafu kitashuka tena. Chumbani angalia foili iliyoungua upande mmoja, bomba la kalamu lisilo na wino, na vipande vidogo vya nailoni vilivyofungwa fundo.

Kuhusu "bangi tu", huenda hadanganyi. Wengi huanza na kokteli, yaani unga (heroini) uliochanganywa na bangi ndani ya msokoto mmoja, na anayepewa si lazima aambiwe. Lakini bangi peke yake haimfanyi mtu aharishe na kutoka makamasi kila anapoikosa. Anayeacha bangi hukosa usingizi na hamu ya kula, akawa na hasira za karibu. Vidonge vya maumivu vya tramado na dawa za kikohozi zenye kodini navyo huleta arosto ya namna hii, kwa hiyo usikazanie unga peke yake.

Zungumza naye akiwa hajalewa wala hana arosto, mkiwa wawili tu. Mwambie ulichokiona: "Jumatatu na Alhamisi ulitapika, ukatoka, ukarudi umepona. Unatumia nini?" Usimwite teja, maana hapo mazungumzo yatakuwa yamekwisha.

Tafadhali usimfungie chumbani "mpaka imtoke". Arosto ya heroini yenyewe ni nadra kumuua kijana mwenye afya, ingawa kutapika na kuharisha kunaweza kummaliza maji. Hatari kubwa huja baadaye. Wiki moja bila kutumia hushusha uwezo wa mwili kuhimili dawa; akitoroka na kuvuta kiasi kilekile cha zamani, pumzi inaweza kukatika. Ukimkuta haamki, midomo imekuwa ya bluu, au anapumua chini ya mara 10 kwa dakika, mlaze ubavu na umkimbize hospitali. Akiacha kupumua, mpulizie hewa mdomoni mkiwa njiani. Maziwa na maji baridi havisaidii, na vinaweza kumpalia. Mweleze daktari wazi kwamba ni heroini, kwa sababu ipo dawa ya kuitengua, naloksoni.

Matibabu ya methadoni, dawa anayopewa mtumiaji badala ya heroini, yalianza Muhimbili mwaka 2011, yakafuata Mwananyamala na hapo kwenu Temeke. Hutolewa bila malipo, na mwanzoni mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Kwa umri wa mwanao daktari ndiye ataamua kama inamfaa. Namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ni 119.

SWALI: Nimenunua vipimo vya mkojo duka la dawa. Je, nimpime binti yangu bila yeye kujua? – Baba, Mombasa

JIBU: Hapana, mzee. Akigundua, utakuwa umepata jibu moja na kupoteza mengi aliyokuwa radhi kukwambia. Tena hilo jibu lina mipaka. Bangi iliyovutwa mara moja huonekana kama siku 3, ya kila siku hata mwezi. Heroini siku 2 au 3 tu. Kipimo cha mofini, ndicho kinachoonyesha heroini, hakioni tramado, lakini mtu aliyekunywa dawa ya kikohozi yenye kodini kitamwonyesha kana kwamba ametumia heroini. Miraa na muguka kwa kawaida havimo kwenye vipimo hivi. Huko utaangalia mdomo mkavu, maneno mengi, usiku bila usingizi, sahani isiyoguswa. Simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ni 1192.

SWALI: Nina miaka 41. Kila jioni namaliza chupa ya mililita 200 ya pombe kali ya asilimia 35. Asubuhi mikono inatetemeka mpaka nizimue. Nimeamua kuacha kabisa Jumatatu. Mnanishauri nini? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Hongera kwa uamuzi, kaka, ila Jumatatu hiyo anzia hospitali. Chupa yako ina kama gramu 55 za kilevi, karibu sawa na bia tatu kubwa za asilimia 5. Kuna watu wanakunywa hivyo bila kutetemeka. Kutetemeka na kuzimua ndiko kunakoonyesha kwamba mwili wako umeshaitegemea pombe, na mwili wa namna hiyo ukikatiwa ghafla unaweza kupata degedege kati ya saa 6 na 48. Siku ya pili hadi ya nne baadhi huweweseka, wakaona vitu visivyokuwapo, joto likapanda. Hali hiyo huua. Tofauti na heroini, hapa kuacha kwenyewe ndiko kunakoweza kuua.

Hospitali watakupa diazepamu kwa dozi inayopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1. Usinunue diazepamu mwenyewe ukaichanganya na pombe; vyote viwili hulegeza pumzi. Mpaka utakapoonwa, usikate ghafla: endelea na kiasi chako, usiongeze, na ule chakula. Mweleze daktari saa uliyokunywa mara ya mwisho, na kama umewahi kuanguka degedege, maana aliyewahi hulazwa badala ya kutibiwa akitokea nyumbani.