Galoni Si Kipimo: Kwa Vijana Wanaoanza Kumwaga Oili

Kumwaga oili ndiyo kazi ya kwanza anayopewa spana boi katika gereji yoyote, iwe Unga Limited, Kijenge au kule Pasua, Moshi. Anapewa kwa sababu inaonekana rahisi: lala chini, fungua nati, subiri imalize kutoka, funga, mimina mpya. Na ndiyo maana inaharibiwa kuliko kazi nyingine. Anayefungua gia boksi husimamiwa na fundi mkubwa. Anayemwaga oili huachwa peke yake, na fundi mkubwa hurudi pale tu panapohesabiwa hela.

Haya ni kwa mliotoka VETA juzi, na kwa nyinyi mlioingia gereji bila cheti kwa kumfuata mjomba. Nitaanza na kiasi, maana hapo ndipo wengi mnapoteleza, ingawa maswali mnayoniuliza kila siku ni ya uzito, yaani oili inavyotiririka kwa wepesi au kwa shida.

Mteja anakuja na galoni ya lita nne aliyonunua kwa mangi wa spea. Gari lake ni IST yenye injini ya 1NZ. Injini hiyo, ukimwaga oili na kubadilisha filta, inachukua lita 3.7. Usipogusa filta inachukua lita 3.4, kwa sababu ile lita 0.3 nyingine imebaki ndani ya filta ya zamani. Sasa kijana anamimina galoni nzima, anaikung'uta mpaka tone la mwisho, na mteja anafurahi kwamba oili yake haikuibiwa. Kama filta haikubadilishwa, injini imezidishiwa zaidi ya nusu lita. Passo au Vitz ya silinda tatu, yenye 1KR, hali ni mbaya zaidi: inataka lita 3.1 tu pamoja na filta. Galoni ileile inaizidishia karibu lita nzima. Ukigeukia dizeli, Prado ya 1KD inataka karibu lita 7, na hapo galoni moja haifiki hata mstari wa chini wa dipstiki, ile fimbo ya kupimia oili. Mwenye kiwanda alipanga ukubwa wa galoni kwa ajili ya kuuza. Hakuwa anaifikiria injini iliyo mbele yako.

Mtaambiwa kwamba oili kuzidi hakuna madhara, bora izidi kuliko ipungue. Si kweli. Krankshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inazunguka juu kidogo tu ya uso wa oili iliyo kwenye sampu, karai la oili chini ya injini. Oili ikipanda, krankshafti inaanza kuichapa maelfu ya mara kwa dakika, na inageuka povu. Pampu inavuta povu lile, na kwa kuwa povu limejaa hewa, halishiki presha. Beringi zinakosa oili huku dipstiki ikionyesha oili tele, na mwenye gari anaapa kwamba aliweka ya kutosha. Nyingine inapita kwenye bomba la kupumulia injini, inaingia kwenye njia ya hewa na kuungua, ndipo unapouona moshi wa bluu kwenye gari ambalo jana halikuwa na tatizo. Kwenye dizeli ni hatari ya waziwazi: injini inaweza kuinyonya oili na kuitumia kama mafuta, ikapanda mzunguko yenyewe hata swichi ikizimwa.

Kupungua nako kuna balaa lake, hasa kwetu. Gari linalopanda Kibosho au Marangu limeinamia nyuma kwa muda mrefu. Kama oili iko chini ya mstari wa chini, inaweza kukimbilia upande mmoja wa sampu na mdomo wa pampu ukabaki unanyonya hewa. Taa nyekundu ya oili inawaka kwenye kona, inazima, inawaka tena. Wafundisheni wateja wenu jambo hili moja: taa ile inaonyesha presha ya oili. Haipimi kiwango. Ikiwaka, injini izimwe palepale, hata kama nyumbani kunaonekana kwa macho.

Namna ya kupima sasa. Mimina kwanza pungufu kidogo ya kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu. Washa injini dakika moja au mbili ili filta ijae, zima, subiri dakika tano oili ishuke, halafu vuta dipstiki, ifute, irudishe mpaka mwisho, ivute tena. Ongeza kidogo kidogo mpaka ikaribie mstari wa juu. Kwenye magari mengi madogo, kati ya mstari wa chini na wa juu ni kama lita moja, kwa hiyo ukiona iko katikati usikimbilie kumimina lita nzima. Na gari liwe limesimama mahali palipo sawa. Hili linasemwa kila mahali, ila sisi linatuhusu zaidi: Arusha imelala miguuni pa Meru, na gereji nyingi zina mteremko ambao macho yameshauzoea hayauoni tena. Mkiwa na shaka, wekeni chupa ya maji chini ilale muone inabingirika upande gani. Kwenye mteremko huohuo oili ya zamani haitoki yote, na hiyo ni sababu nyingine ya kuiamini dipstiki kuliko hesabu.

Twende kwenye uzito. Namba kama 5W-30 zilizo kwenye galoni wengi huzisoma kama halijoto, na wengine hudhani oili hiyo ni nyepesi ikiwa baridi na nzito ikiwa moto. Hapana. Oili yoyote ya injini inakuwa nyepesi inapopata moto. Oili ya kawaida ya 5W-30 ina kama sentistoki 60 (sentistoki ndicho kipimo cha uzito huo) au zaidi kidogo kwenye nyuzi 40, na ikifika nyuzi 100 inabaki kama 10 au 11. Namba ya pili, ile 30, ni daraja tu: maana yake kwenye nyuzi 100 uzito wake uko kati ya sentistoki 9.3 na 12.5. Daraja la 40 linaanzia hapo mpaka 16.3, na la 50 linaendelea mpaka karibu 22. Namba ya kwanza, yenye W, inahusu baridi ya nchi zenye theluji. Oili ya 5W hupimwa kama injini itazungushika kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, na ya 20W kwenye 15 chini ya sifuri.

Hapo mjanja mmoja atasema: sisi hatuna baridi hiyo. Julai ya Arusha inatuvalisha makoti, na kule kwenye ukingo wa Ngorongoro inauma zaidi, lakini hakuna anayewasha gari kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Kwa nini basi tusimwage 20W-50 kila gari? Hoja yake si ya kijinga. Vitabu vya Toyota vya nchi zenye joto vya miaka ya nyuma viliruhusu 15W-40 na 20W-50 kwenye injini nyingi, na injini za dizeli za zamani, kama 1HZ ya Land Cruiser za watalii, zinaishi vizuri na 15W-40 ya dizeli. Ila alfajiri ya nyuzi 12, oili ya 20W-50 ni nzito sana ukilinganisha na 5W-30, na inachelewa kufika juu kwenye kamshafti, mhimili unaofungua valvu. Injini yenye VVT-i ina jambo la ziada: ile valvu inayogeuza muda wa kamshafti inasukumwa na presha ya oili kupitia njia nyembamba zenye chujio dogo. Ipe oili nzito kuliko iliyopangiwa, nayo inaitikia kwa kuchelewa. Gari linakuwa zito, linakula mafuta, na mteja anarudi kukwambia umeharibu plagi zake.

Msemo wa gereji zetu ni "injini imechoka, iwekee nzito". Mimi nauchukulia hivi. Gari lililotembea sana, linalopunguza oili kidogo, linalobeba mzigo kupanda kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, unaweza kulipandisha hatua moja: kutoka 5W-30 kwenda 5W-40 au 10W-40. Hata kitabu cha Toyota husema kwamba oili nzito zaidi inaweza kufaa gari linalokwenda kasi sana au kubeba mzigo mkubwa. Hatua moja. Kuruka kutoka 5W-30 kwenda daraja la 50 (SAE 50) ili moshi upungue ni kuficha ugonjwa. Injini ya Toyota ya 1ZZ ya mwanzoni inajulikana kwa kula oili, kwa sababu matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni zake ni madogo na huziba kwa masizi. Oili nzito haitayazibua. Mwambie mwenye gari ukweli, aamue kama atafungua injini au ataongeza oili kila wiki. Akichagua kuongeza, mpe heshima yake, lakini asiseme hukumwambia.

Magari mapya kidogo yanayotoka Japani, kama Aqua na Fielder za haibridi, kwenye kifuniko yameandikwa 0W-20. Kitabu chao ni cha Kijapani, lakini 0W-20 inasomeka katika lugha zote. Ukiikosa dukani, 5W-30 ndiyo ya kushika, na sevisi inayofuata urudi kwenye iliyoandikwa.

Uzito ukishapatikana, kazi bado haijaisha, na hapa napita haraka. Angalia herufi za API, zinazoonyesha daraja la ubora wa oili. Zinazoanza na S ni za petroli, na SP ya mwaka 2020 ni bora kuliko SL ya zamani. Zinazoanza na C ni za dizeli: CI-4, CK-4. Dizeli yenye chujio la masizi kwenye ekzosi inataka oili ya majivu machache, na magari ya Kijapani ya namna hiyo huandikiwa DL-1, alama ya JASO, viwango vya Kijapani. Bodaboda usiimwagie oili ya gari kwa sababu tu imebaki: klachi yake inaogelea ndani ya oili hiyohiyo, na oili za gari zenye viungo vya kupunguza msuguano huifanya iteleze. Yake huandikwa JASO MA. Kuosha injini kwa dizeli kabla ya kuweka oili mpya nako acheni, kwani dizeli inayobaki ndani inaipunguza uzito oili mliyoihangaikia kuichagua.

Rangi isiwadanganye. Dizeli inatia oili weusi ndani ya siku chache, na hiyo ni kazi yake, kubeba masizi. Cha kutisha ni oili yenye rangi ya chai ya maziwa, maana maji yameingia, au dipstiki inayonuka petroli huku kiwango kikipanda chenyewe. Hapo usiongeze wala usimwage kabla fundi mkubwa hajaona.

Oili chafu msiimwage mtaroni, maana mitaro yetu inaishia Themi na Naura, na watu wanamwagilia mboga huko chini. Ikusanyeni kwenye pipa. Vaeni glavu pia, kwa kuwa oili iliyotumika ina sumu zinazohusishwa na saratani ya ngozi, na mtaishika kwa miaka mingi.

Ukimaliza, andika kwenye kikaratasi cha mlangoni kilomita, uzito wa oili, lita ulizomimina na kama filta ilibadilishwa. Fundi atakayefuata, pengine wewe mwenyewe, hatalazimika kubahatisha. Galoni ikiisha kabisa, itoboe kwa bisibisi kabla ya kuitupa, kwa sababu wapo wanaoziokota na kuzijaza oili feki. Ikibaki lita 0.3, funga kifuniko vizuri na umwekee mteja kwenye buti. Atauliza kwa nini hukuimalizia. Vuta dipstiki umwonyeshe mstari wa juu.